Wawili Kama Sisi

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama uani, ndoo mkononi, mwenye nyumba akiniambia kwa mara ya tatu: "Ukitaka kutoka, lete wawili kama nyinyi. Mkataba ndivyo unavyosema." Waliokosa gazeti lile nitawaeleza kwa kifupi, maana hata mimi sipendi kurudia.

Mume wangu alifariki katika mwezi wa nane wa mkataba wetu. Mkataba ni wa miaka miwili. Vyumba viwili, jiko la uani, na bomba moja tunalochangia na mwenye nyumba.

Dada yangu alinitafutia kazi ya ukarani kwenye shule ya bweni katika mji anakoishi yeye, na chumba humo humo ndani ya uzio wa shule. Binti yangu wa miaka minane nilishamtanguliza, kwa kuwa muhula ulikuwa umeanza. Mkuu wa shule alivumilia wiki kadhaa, mwishowe akanipa siku: Jumatatu saa mbili asubuhi niwe kwenye kiti, la sivyo kiti kina mtu mwingine.

Mtasema, si ungefungasha virago uende? Mkataba una mdhamini. Ni baba mkwe wangu, aliyemzika mwanawe mwaka huu huu. Nikitoroka, atakayegongewa mlango ni yeye. Nilimwona makaburini akishikiliwa na watu wawili ili asianguke. Sikuweza kumfanyia hivyo.

Na kifungu kilichonifunga nilikichapa kwa mikono yangu mwenyewe.

Mimi nachapa barua na mikataba ya watu kwenye duka la fotokopi nyuma ya mahakama. Wetu niliuchapa baada ya kazi. Mume wangu alishika mkataba wa zamani wa mwenye nyumba, akawa ananisomea. Alipofika kifungu cha tisa akaacha kusoma, akaanza kutunga.

"Wapangaji wakitaka kuondoka kabla ya muda, watatafuta wawili kama wao, waliooana na kupendana, wakae badala yao."

"Hicho hakimo," nikamwambia.

"Sasa kimo. Chapa, mama."

"Wawili kama sisi tutawapata wapi?"

"Ndiyo maana hatutaondoka."

Nikachapa huku nikicheka.

Mwenye nyumba alikipenda kifungu hicho mno. Ni mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, na siku alipostaafu aliondoka na kengele ya shule. Huipiga mara moja takataka zitolewe, mara mbili maji yafungwe, mara tatu ukiwa unaitwa mbele yake. Mtaa mzima unamwita Kengele. Akiwa karibu tunamwita Mwalimu.

Baada ya kusoma kifungu cha tisa, akachukua kalamu na kuongeza cha kumi kwa mkono wake: "Atakayeibia mtihani atarudia mwaka."

Tulidhani ni utani wa walimu. Haukuwa utani. Kengele hapangishi wanandoa mpaka wafanye mtihani. Alimkalisha mume wangu barazani na mimi sebuleni kwake, kila mmoja na karatasi ya mistari na maswali kumi juu ya mwenzake. Nusu saa. Tulipata saba. Nilipoomba kuona tulikosa wapi, akafunga faili lake la bluu.

"Karatasi ni mali ya msahihishaji."

Basi huo ndio mlango niliotakiwa kupitisha watu.

Wa kwanza walikuwa kinyozi na mkewe. Walivipenda vyumba, wakapima dirisha kwa ajili ya pazia. Wakaingia kwenye mtihani wameshikana mikono. Walitoka kila mtu na njia yake.

"Eti ameandika nalala chali!" mke akapiga kelele uani. "Miaka mitatu!"

"Si unalala chali?"

"Nalala ubavu, nimejibana ukutani, kwa sababu wewe umetanda kitanda kizima kama mkeka!"

Kengele akatoka na matokeo. "Nne kwa kumi. Nendeni mkasome."

Wa pili walikuwa dereva mstaafu na mke wake wa miaka ishirini na mitano. Hao nikawawekea matumaini yote. Mke alifika swali la mwisho, akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, hili la kumi linataka nini? 'Jambo gani hujamwambia mwenzio?' Watu tunatafuta nyumba au tunatafuta talaka?"

"Jibu swali, mama."

"Sijibu. Na yeye asijibu. Baba, nyanyuka twende!"

Dereva akanyanyuka haraka kuliko nilivyotarajia kwa mtu wa umri wake. Labda naye alikuwa amefika la kumi.

Zikapita wiki tano. Binti yangu akawa anapiga simu kila jioni kabla ya kulala.

"Mama, unakuja lini?"

"Karibu."

"Karibu ya kesho au karibu ya ile siku nyingine?"

Nilikaa kitandani upande wangu nikatazama upande wa pili, na msumari ulioko juu yake ambapo mume wangu alikuwa akitundika kofia. Kila kitu mle ndani kilikuwa mahali pake isipokuwa yeye. Watu husema nyumba ya kumbukumbu hufariji. Mimi ilikuwa inanikaba.

Ndipo wakaja wawili dukani kunakilisha vitambulisho. Mwanamume ni fundi rangi, anaandika mabango ya maduka. Mwanamke anashona sare za shule. Walikuwa wanabishana nani amesahau bahasha, na niliwasikiliza kama mtu anayesikiliza redio.

"Mnatafuta nini na vitambulisho vyote hivi?" nikauliza.

"Nyumba, dada," yule fundi akasema. "Mwezi wa tatu huu. Kila tunapokwenda wanauliza huyu ni nani wako. Tukisema ni ndugu, baba mmoja mama mmoja, wanatutazama kama tumetoroka mahali."

"Wazazi wapo?"

"Hawapo. Tumebaki sisi."

Nikatazama vitambulisho. Majina ya ukoo hayohayo, kama mke aliyechukua jina la mumewe.

Hapa naomba niseme ukweli, maana naandika ili nikumbuke, na nikikumbuka nusu nitakuwa najidanganya. Wazo lilikuwa langu. Wao hawakuniomba kitu.

"Mkiulizwa mahali fulani," nikasema, "mnaweza kusema ni mume na mke?"

Mshonaji akarudi nyuma hatua moja. "Dada! Nimwite kaka yangu mume wangu?"

"Humwiti chochote. Unajibu maswali kwenye karatasi tu."

"Kwani lazima nimkumbatie?" kaka mtu akauliza, anacheka.

"Ukinisogelea nakuchoma sindano."

"Mnaona?" nikawaambia. "Tayari mnaongea kama waliooana."

Jumatano nikawapeleka. Kengele alikuwa barazani anachambua dengu kwenye ungo, miwani puani.

"Mwalimu, nimekuletea wapangaji," nikasema, huku nikirekebisha hereni yangu. "Mume na mke. Wameoana mwaka wa nne huu."

Akaninyanyulia macho. Akanitazama mimi, si wao.

"Haya. Mume abaki hapa, mke aingie ndani."

Wale watu walimaliza kwa dakika kumi na tano. Ningeshangaa nini? Kaka alijua dada yake anaogopa mijusi, analala mguu mmoja nje ya shuka, na ana kovu gotini la uji wa moto tangu ana miaka mitano. Dada alijua kaka yake hanywi chai mpaka ipoe, na kwamba akikasirika hufagia uwanja. Wamelala chumba kimoja utoto wao wote. Ni mke gani angewashinda?

Kengele alisahihisha kwa kalamu nyekundu. Akasahihisha tena. Akavua miwani.

"Miaka thelathini na sita nimeshika kalamu hii," akasema. "Sijawahi kutoa kumi kwa kumi."

Mshonaji akainamisha kichwa. Nilijua anataka kulia, nikamkanyaga kidogo mguu.

"Jumapili leteni vyombo vyenu," Kengele akasema.

Jioni ile simu ilipolia, sikusubiri swali.

"Jumapili! Ukiamka Jumatatu utanikuta kitandani kwako."

Binti yangu akapiga kelele ya furaha hadi dada yangu akamnyang'anya simu.

Jumapili saa tatu lori lilikuwa langoni. Dereva wake anatoka mji wa dada yangu, alikuwa anarudi tupu, akakubali kunichukua na vyombo vyangu. Basi la kwenda huko huondoka alfajiri tu, na la siku ile lilishapita.

"Mama, saa nne naondoka," akanionya. "Nikichelewa kupimwa kwenye mizani ya barabarani nalala njiani, na wewe unalala njiani."

Tukapakia. Kitanda, kabati, jiko, masanduku mawili. Godoro la mtoto juu kabisa. Wale ndugu walisaidia, kisha wakashusha vya kwao barazani: cherehani, makopo ya rangi, magodoro mawili. Nilipoyaona magodoro mawili nikalifunika moja kwa shuka haraka.

Nikarudi ndani mara ya mwisho. Chumba kitupu kilikuwa kidogo kuliko nilivyokijua. Nikataka kung'oa ule msumari wa kofia, nikauacha.

Kengele ikalia.

Mara moja. Mara mbili. Nikaomba iishie hapo. Ikalia ya tatu.

Nilipotoka uani nikasikia kufuli la lango likibanwa. Lori liko nje na vitu vyangu vyote, mimi niko ndani.

"Ingia," Kengele akasema. "Nyinyi wawili subirini barazani."

Sebuleni faili la bluu lilikuwa mezani, limefunguliwa.

"Kaa."

"Mwalimu, gari linanisubiri."

"Gari halijafanya mtihani. Kaa."

Sikukaa. Nilishika mgongo wa kiti.

"Wale watoto ni ndugu," akasema.

"Mwalimu, wale ni…"

"Usijibu. Ukijibu utashika hereni."

Mkono wangu ulikuwa tayari sikioni. Nikaushusha kama umeungua.

"Nani amekuambia habari ya hereni?"

"Mumeo."

Akachomoa karatasi ya mistari. Nikauona mwandiko kabla sijaona neno lolote. Herufi zilizolalia kushoto, za mtu aliyekuwa anaandika kwa mkono wa kushoto na kufuta wino kwa kiganja. Nilikuwa sijauona tangu tulipomzika. Kengele akasoma.

"Swali la sita. 'Utajuaje mwenzio anapodanganya?' Jibu: 'Hushika hereni ya kushoto. Alishika siku aliponiambia shati langu la kijivu limeibiwa kambani.'"

Nitawaambia habari ya shati hilo. Nililiunguza kwa pasi, nikalizika kwenye shimo la taka, nikasema mwizi. Mume wangu alinizungusha mtaa mzima tukimtafuta mwizi huyo. Kila mlango anabisha hodi, anaeleza kwa uchungu shati lilivyokuwa, ananigeukia: "Si ndiyo, mama?" Nami naitikia, sikio limeiva kwa kushikwa.

Kumbe alijua. Kila mlango.

Nikaanza kucheka. Kicheko kikageuka katikati ya njia. Kengele akanisogezea leso, akangoja.

"Kifungu cha kumi kinasemaje?" akauliza nilipotulia.

"Atakayeibia mtihani atarudia mwaka."

"Nani alitia sahihi chini yake?"

"Mimi."

"Basi kwa mkataba huu unarudia mwaka wa kwanza, kisha wa pili. Miaka miwili kuanzia leo. Na mdhamini ni yuleyule."

"Mwalimu, mtoto wangu yuko kule. Nimemwambia akiamka atanikuta."

"Nimesikia. Ukuta huu ni mwembamba. Nasikia kila jioni."

"Unasikia na bado unanifungia lango?"

Nje honi ikalia mara mbili. Mtu akagonga lango: "Mama! Robo saa!"

Nikauachia mgongo wa kiti. Nikasema maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu mzima kama yeye. Kwamba mume wangu alikuwa anatania alipotunga kile kifungu, na yeye amegeuza utani wa marehemu kuwa kamba ya kumfungia mjane wake. Kwamba kama anataka kodi aseme anataka kodi.

"Kodi?" akasema polepole. "Kinyozi alipata saba."

Sikuelewa.

"Yule kinyozi na mkewe. Walipata saba, sawa na nyinyi. Mimi ndiye niliyeandika nne."

"Kwa nini?"

Akaiweka kalamu nyekundu mezani, ikabiringika hadi sakafuni, na hakuna aliyeinama kuiokota.

"Kwa sababu nilimwahidi mumeo kwamba siku utakayotaka kuondoka, nitakuonyesha karatasi yake. Si kabla. Kila ulipoleta watu nikajiambia, hawa wakifaulu itabidi nimwonyeshe leo. Nikaogopa. Nimefundisha watoto elfu kadhaa, mwanangu, na sikujua hili nilianzie wapi. Ningewafelisha na hawa, lakini kumi kwa kumi inafelishwaje?"

Akaigeuza karatasi kunielekea. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

Swali la kumi. Jambo gani hujamwambia mwenzio?

Mimi nakumbuka jibu langu mwenyewe siku ile. Niliandika: "Nilimchomea shati la kijivu." Nikajiona nimefanya ungamo kubwa la maisha yangu.

Lake lilikuwa hivi:

"Daktari amenipa mwaka mmoja, pengine haufiki. Mke wangu hajui. Mwalimu, usimwambie."

Nikasoma tarehe juu ya karatasi. Ilikuwa siku tuliyotia sahihi. Nikahesabu nyuma siku tatu, hadi ile jioni dukani, mimi nachapa yeye anatunga. Ndiyo maana hatutaondoka, alisema. Wakati anasema alikuwa anajua anayeondoka ni nani.

"Kwa nini?" nikauliza. "Kama alijua, kwa nini anifunge humu miaka miwili?"

"Aliniambia sababu. Lakini si yangu kuisema."

"Ya nani?"

"Ya aliyempeleka kwa daktari. Baba mkwe wako."

Yule mzee. Yule niliyekaa wiki sita ndani ya kuta hizi ili asigongewe mlango.

"Nilimpigia jana," Kengele akasema. "Nikamwambia kwamba unaondoka. Amesema hilo si la kuongea kwenye simu, nikuzuie mpaka afike. Yuko njiani. Atakuwa hapa adhuhuri."

"Lori linaondoka saa nne!"

"Najua."

Akainua mikono nyuma ya shingo, akafungua kamba. Ufunguo wa lango ulikuwa umening'inia humo tangu nimjue. Akauweka juu ya karatasi ya mume wangu.

"Sikuzuii tena. Ukitoka sasa, mkataba nauchana. Mzee hatadaiwa chochote. Wale ndugu wataingia, nitawaambia watu nimepangisha ndugu, anayetaka kunitazama anitazame. Lakini mzee akikukosa leo, sidhani atapata nguvu ya kuja mara ya pili. Na sidhani atamwambia mwingine."

Honi ikalia. Ndefu, ya mtu aliyekwisha kuchoka.

Barazani nikamsikia mshonaji akimwambia kaka yake kwa sauti ya chini, "Ufagio uko pale, usianze kufagia." Ndani ya mkoba wangu simu ikaanza kuita. Nilijua ni nani. Hakuweza kungoja jioni.

Nikachukua ufunguo. Ulikuwa na joto la shingo yake. Kutoka pale mlangoni hadi langoni ni hatua ishirini, nimezipiga mara nyingi mno na ndoo kichwani.

Simu ikakata. Ikaanza tena.

Huko nje injini ikawaka. Nikasikia gia ikiingia, na magurudumu yakianza kusaga mchanga, na godoro la mtoto wangu juu kabisa.

Ufunguo ulikuwa mkononi. Na mimi, niliyelia wiki sita nifunguliwe, nikatazama chini nikaona kwamba nimekaa kwenye kile kiti.